Nyeupe Juu ya Nyeupe: Jinsi ya Kutengeneza Kadi Ambazo Rangi Kuu ni Nyeupe

Katika kadi nyingi za mkono, karatasi nyeupe ni uwanja tu. Juu yake hubandikwa maua mekundu, hupigwa muhuri wa buluu, huandikwa jina kwa wino wa dhahabu, na mtu akiishika hakumbuki hata kama karatasi ilikuwa nyeupe. Mwongozo huu unageuza mambo. Hapa nyeupe ndiyo mwenye nyumba, na rangi nyingine ikija, ije kama mgeni.

Kuna jambo moja la kulielewa kabla hujashika mkasi. Kitu cheupe juu ya karatasi nyeupe hakionekani kwa rangi yake, kinaonekana kwa kivuli chake. Bandika jani jeupe lilale bapa juu ya kadi nyeupe, nalo litapotea. Ukisogea hatua mbili nyuma hulioni. Liinue milimita moja tu, mwanga uje kutoka ubavuni, na papo hapo ukingo wake unachora mstari wa kijivu upande mmoja na mstari unaong'aa upande wa pili. Kwa hiyo kazi yetu yote si kupaka, ni kuumba vivuli: kwa kuinua, kukata, kubonyeza, kukunja, au kuweka kinachong'aa karibu na kisichong'aa.

Masahiro Chatani, profesa wa usanifu majengo nchini Japani, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutengeneza kadi ambazo ukizifungua, jengo zima linasimama kutoka kwenye karatasi moja iliyokatwa na kukunjwa. Nyingi ni nyeupe tupu. Ngazi, nguzo na madirisha yote yanasomeka, kwa kuwa kila mkato una upande wa mwanga na upande wa giza. Sisi hatutajenga jengo. Tutatengeneza kadi ya tawi moja la majani, ndogo na ya kusimama, na njiani nitaeleza njia nyingine unazoweza kuziingiza mahali pa tawi hilo.

Hatua ya 1: Chagua nyeupe yako

Nyeupe si moja. Chukua karatasi nne au tano unazoziita nyeupe, zipange zikigusana karibu na dirisha mchana, na utashangaa: moja ina ubuluu, nyingine inaelekea maziwa, nyingine ina ukijivu, nyingine ni krimu kabisa. Zile zenye ubuluu mkali zimetiwa viwandani kemikali za kung'arisha, ambazo hufyonza miale ya urujuanimno isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Ndiyo maana karatasi hizo hung'aa sana juani lakini zikiwa chini ya taa ya ndani zinaweza kufanana na nyingine. Usichague karatasi usiku.

Kanuni yangu ni hii: ama tumia karatasi za pakiti moja kwa kadi nzima, ama tumia nyeupe mbili zinazotofautiana waziwazi, kwa mfano nyeupe ya barafu juu ya krimu. Tofauti ndogo ndiyo inayoharibu. Nyeupe mbili zinazokaribiana zikilala pamoja, moja itaonekana chafu, na anayepokea kadi atadhani imekaa kabatini muda mrefu.

Kama unataka kadi idumu miaka, tafuta karatasi iliyoandikwa kuwa haina asidi, au ile ya pamba. Karatasi za bei ya chini zilizotengenezwa kwa mbao zilizosagwa bado zina lignini, ile kemikali ya asili inayoushikilia mti, nayo hugeuka manjano ikikutana na mwanga na hewa. Gazeti lililoachwa juani siku chache linakuonyesha jambo hilohilo. Na kemikali za kung'arisha nazo huchoka kwa mwanga, kwa hiyo nyeupe kali ya leo huenda ikafifia kabla ya nyeupe tulivu ya pamba.

Uzito ni jambo la kulizingatia pia. Kwa mwili wa kadi, yaani ile sehemu inayosimama, tumia karatasi ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Kwa majani na mapambo, gramu 160 hadi 200 inakatika vizuri na inakubali kupinda. Karatasi ya printa ya gramu 80 ifae kwa kuandikia ndani tu. Ikibandikwa juu, gundi itaonekana kupitia kwake na itajikunyata.

Mwisho, gusa. Karatasi laini, karatasi yenye mikwaruzo kama ya kuchorea rangi za maji, karatasi yenye mistari kama kitani, karatasi yenye mng'ao wa lulu: zote zinaweza kuwa nyeupe ileile na bado zikatofautiana machoni, kwa kuwa kila moja inarudisha mwanga kwa namna yake. Ukiwa na aina mbili tu za uso, laini na wa mikwaruzo, tayari una kitu cha kuchezea.

Hatua ya 2: Panga mwanga kabla ya meza

Zima taa ya darini. Weka taa ya mezani chini na pembeni, mwanga wake ulale juu ya karatasi badala ya kuishukia. Chini ya taa ya darini huoni unachokifanya. Chini ya taa ya pembeni kila mbonyeo unajitokeza.

Halafu jiulize kadi itakaa wapi ikishafika. Kadi inayosimama juu ya rafu au meza kwa kawaida inapata mwanga kutoka juu. Maana yake ni kwamba kingo zilizolala, zile za kushoto kwenda kulia, zitakuwa na kivuli kizuri chini yake, ilhali kingo zilizosimama wima zitakuwa hafifu. Tawi linalokwenda mshazari, na majani yaliyolala ubavu, litaonekana vizuri kuliko mistari mirefu ya wima. Ni jambo dogo ambalo hakuna anayelitaja, na ndilo linalofanya muundo mzuri mezani upotee ukishasimamishwa.

Hatua ya 3: Usafi

Karatasi nyekundu husamehe alama ya kidole. Nyeupe haisamehi kitu. Osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, na usipake mafuta wala losheni kabla ya kazi, kwani mafuta ya ngozi hayaonekani leo lakini baadaye huleta doa la manjano. Futa rula, hasa ya chuma, kwa maana kingo zake hubeba vumbi la penseli. Futa makali ya mkasi kama ulikata utepe wenye gundi.

Weka karatasi safi ya ziada chini ya kiganja chako wakati wote na isogeze pamoja na mkono. Wapo wanaovaa glavu nyembamba za pamba. Mimi naziona zinaniondolea hisia ya karatasi, na katika kazi hii vidole vinajua mengi kuliko macho.

Alama zote za penseli ziwe nyuma ya karatasi, kwa penseli ngumu ya 2H, kwa mguso mwepesi. Kumbuka tu kwamba ukichora nyuma, umbo litatoka kinyume mbele. Kwa jani haijalishi, kwa herufi inajalisha sana. Raba iwe nyeupe, kwani ile ya waridi huacha rangi yake. Kabla ya raba za mpira kuanza kuuzwa katika miaka ya 1770, wachoraji walifuta penseli kwa chembe za mkate laini, na mbinu hiyo bado inafanya kazi kwenye vumbi lililotawanyika, mradi mkate usiwe na siagi.

Hatua ya 4: Kata na ukunje mwili wa kadi

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikate katikati upate A5, ambayo ni 148 kwa 210, kisha ikunje upate kadi ya A6, yaani 105 kwa 148. Bahasha yake ni ile ya C6, milimita 114 kwa 162.

Kabla ya kukunja, tafuta mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Ipinde polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utapinda kirahisi, mwingine utakataa. Mkunjo wa kadi ufuate upande uliokubali. Ukikunja kinyume cha nyuzi, mgongo wa kadi unapasuka na kutoa vinyuzi, na kwenye karatasi nyeupe yenye uso wa kung'aa mpasuko huo unaonekana kama uchafu.

Pima katikati, weka rula, kisha pitisha kalamu iliyoishiwa wino mara mbili au tatu utengeneze mfuo. Upande uliobonyea uwe nje ya kadi, na kile kituta chembamba kilichojitokeza upande wa pili kibaki ndani ya mkunjo. Kunja kwa vidole kwanza. Unapotaka kuukaza mkunjo kwa mfupa wa kukunjia au mgongo wa kijiko, weka karatasi nyingine juu yake, la sivyo utaacha mstari unaong'aa usiofutika. Kwenye kadi ya rangi mng'ao huo haumsumbui mtu. Hapa unasomeka kama mwandiko.

Faida moja ya nyeupe ni kwamba ni nyeupe hadi ndani. Karatasi iliyopakwa rangi juu tu ikikatwa inaonyesha ukingo wa rangi nyingine, hii haina shida hiyo. Ndiyo maana unaweza hata kuichana kwa mkono badala ya kuikata: ukingo uliochanwa una manyoya madogo yanayoshika mwanga vizuri sana, na safu tatu za karatasi zilizochanwa zikipandana zinatosha kuwa kadi nzima ya milima au mawingu.

Hatua ya 5: Inua

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa usiwe na haraka.

Kata majani saba kutoka karatasi ya gramu 160 au 200, yasilingane: makubwa mawili, ya wastani matatu, madogo mawili. Urefu wa kati ya sentimita 2 na 4 unafaa kwa kadi ya A6. Pitisha mfuo katikati ya kila jani kwa ile kalamu isiyo na wino, kisha likunje kidogo likae kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Kwa majani mawili au matatu, ongeza mifuo midogo ya mishipa. Usiiweke kwenye yote, kwani majani yakifanana sana jicho linaacha kuyatazama.

Sasa yapinde. Weka jani juu ya kiganja au kipande cha sponji na ulibonyeze kwa mviringo kwa kitu butu. Kingo zitainuka zenyewe. Ncha unaweza kuizungusha juu ya penseli.

Kata na ukanda mwembamba wa shina, upana wa milimita 2 hadi 3, uupinde kidogo usinyooke kama rula, na uubandike mshazari kutoka kona ya chini kuelekea juu. Shina lilale bapa. Kisha panga majani juu yake bila gundi, usogeze taa huku na huku, utazame. Hatua hii ya kutazama bila gundi ina thamani kuliko zote. Mara nyingi utakuta jani moja au mawili hayana kazi, yaondoe.

Ukiridhika, bandika kwa viwango vitatu. Majani ya pembezoni yashikwe kwa gundi kwenye mstari wa katikati tu, mabawa yake yabaki huru. Ya katikati yawekewe chini yake vipande vya utepe wa sponji wenye gundi pande mbili, wa milimita 1. Jani kuu moja liwe juu kuliko yote, milimita 2 hadi 3. Kama huna utepe wa sponji, bandika vipande vitatu vya karatasi ya gramu 300 kimoja juu ya kingine, na utapata unene wa karibu milimita 1. Nguzo hizi ziwe ndani, angalau milimita 3 kutoka ukingoni, zisichungulie mtu akiitazama kadi kwa upande. Na jani refu lisikae juu ya nguzo moja ya katikati tu, kwani litainama likibanwa ndani ya bahasha.

Kiwango kimoja kwa majani yote kingekuwa kosa. Vivuli vyote vikiwa na upana uleule, kadi inaonekana imepigwa mashine. Kivuli chembamba hapa, kipana pale: hapo ndipo tawi linapopata uhai.

Ipo na njia ya kinyume, ambayo wakati fulani naipenda zaidi: kutoboa badala ya kuinua. Kata umbo la jani kwenye uso wa kadi kwa kisu chenye ncha kali, kisha nyuma yake, kwa umbali wa milimita 2, weka karatasi nyingine nyeupe. Kivuli sasa kinaangukia ndani ya tundu, na ni kizito kuliko kivuli cha kitu kilichoinuliwa, kwa sababu mwanga hauwezi kuingia kutoka pande zote. Kwa mtu mwenye muda mfupi, tundu moja lililokatwa vizuri lina nguvu kuliko majani kumi yaliyobandikwa.

Usijaze uso. Mchoraji wa Uingereza Ben Nicholson alitengeneza katika miaka ya 1930 mbao zilizochongwa miduara na mistatili michache, kisha akazipaka nyeupe zote. Ukizitazama, sehemu kubwa ni nafasi tupu. Kadi yetu ni ndogo kuliko mbao zile na inahitaji utupu wake vilevile. Acha angalau nusu ya uso bila kitu.

Hatua ya 6: Bonyeza, ukitaka nakshi isiyoinuka sana

Nakshi ya kubonyeza inafaa kwa fremu, herufi za jina, au pazia la nukta nyuma ya tawi. Ifanye kabla ya kubandika chochote.

Kata umbo lako kwenye karatasi ngumu ya gramu 300. Hiyo ndiyo stensili. Ishikize kwenye kioo cha dirisha mchana, au juu ya kioo chenye taa chini yake. Juu ya stensili weka karatasi ya kadi, uso wake ukitazama stensili, na uishikize kwa utepe usiong'ang'ania sana. Mwanga utakuonyesha umbo kupitia karatasi. Sasa fuata ukingo wa umbo kwa ncha butu ya mviringo, kama ya sindano nene ya kufumia au kalamu ile isiyo na wino. Pita mara tatu kwa nguvu ndogo badala ya mara moja kwa nguvu nyingi. Huna haja ya kubonyeza katikati ya umbo. Ukingo ndio unaotoa kivuli.

Karatasi ya gramu 160 hadi 200 inafaa zaidi. Nzito kupita hapo, kama ile ya mwili wa kadi, hupitisha mwanga kidogo na inakaza mkono. Ncha ikikwama, sugua nyuma ya karatasi kwa karatasi ya nta ili iteleze. Karatasi ya pamba unaweza kuipa unyevu kidogo sana kwanza, kwani nyuzi zikiwa na unyevu hunyooka bila kukatika. Kwa herufi, stensili iwekwe kinyume: unapobonyeza uone maandishi yamegeuka, ili mbele yasomeke sawa.

Hatua ya 7: Wino mweupe na mng'ao

Wengi wakisikia kadi nyeupe hukimbilia kalamu nyeupe ya jeli. Juu ya karatasi nyeupe kalamu hiyo haina kazi kubwa. Wino mweupe haupatikani kwa kuyeyusha rangi kwenye maji kama wino mwekundu. Lazima uwe na chembe zinazotawanya mwanga, kwa kawaida titani dioksaidi, na chembe hizo zinafunika vizuri kitu chenye rangi nyingine. Zikifunika nyeupe, zimefunika nini?

Kinachosaidia ni tofauti ya mng'ao. Piga muhuri kwa wino usio na rangi unaokauka polepole, nyunyiza unga wa kuyeyusha ulio mweupe au usio na rangi, kung'uta uliobaki, kisha upashe moto kwa mashine ya hewa ya moto mpaka unga ugeuke utando unaong'aa. Drayer ya nywele haitoshi: joto lake ni dogo na upepo wake unapeperusha unga. Kabla ya kupiga muhuri, pangusa karatasi kwa mfuko mdogo wa poda kavu, la sivyo chembe za unga zitabaki pale ulipogusa kwa vidole. Shikilia karatasi kwa kibanio, si kwa mkono. Kwenye karatasi isiyong'aa, nakshi hii inaonekana kama maji yaliyomwagika, na inapendeza zaidi unapoigeuza kadi huku na huku.

Karatasi ya kufuatishia, ile inayopitisha mwanga nusu, ni jamaa mzuri wa nyeupe. Ikilala juu ya nakshi inaipunguza kama ukungu. Ukiikunja au kuichora kwa ncha butu, mstari unageuka mweupe. Shida yake ni gundi: kila tone linaonekana. Ishone kwa uzi mweupe, ukitoboa matundu kwanza kwa sindano, au ficha gundi chini ya jani.

Hatua ya 8: Mgeni mmoja

Kadi nyeupe kabisa imekamilika, na kama wewe umeridhika, ruka hatua hii. Ukitaka rangi, chukua moja. Rangi mbili zitaanza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe na nyeupe itarudi kuwa uwanja.

Nukta tatu za dhahabu, uzi mmoja wa kijivu, beri moja nyekundu chini ya jani: inatosha. Iweke pale ambapo kivuli ni kizito tayari, karibu na jani kuu, isikae peke yake kwenye kona.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni kuificha rangi. Paka nyuma ya jani lililoinuliwa rangi kali, chungwa au waridi linalowaka, kisha libandike juu ya nguzo za milimita 3 au zaidi. Mbele jani ni jeupe. Lakini mwanga unaingia chini yake, unagonga rangi, unarudi kwenye uso mweupe wa kadi, na pembeni mwa jani kunatokea wekundu hafifu usiojulikana umetoka wapi. Ni nyeupe pekee inayoweza kufanya hivi, kwa sababu ndiyo inayopokea rangi ya jirani bila kuibadilisha. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada, kwani rangi iliyopoa haionekani kabisa. Unahitaji ile inayopiga kelele.

Esther Howland wa Worcester, Massachusetts, aliyeanza biashara ya kadi za Valentine mwishoni mwa miaka ya 1840, alikuwa na njia yake ya karibu na hii: aliweka vipande vidogo vya karatasi ya rangi nyuma ya lesi nyeupe ya karatasi, ili matundu ya lesi yasomeke. Kama una kipande cha lesi ya karatasi, mbinu hiyo bado ni nzuri, hasa kwa rangi iliyofifia kama kijivu cha majivu.

Hatua ya 9: Gundi

Gundi nyeupe ya maji hukauka bila rangi, lakini maji yake huvimbisha karatasi. Itumie kwa tone la ukubwa wa kichwa cha pini, kwa kijiti cha meno, kwa majani na vitu vidogo. Kwa maeneo mapana tumia utepe wa pande mbili au gundi ya fimbo. Epuka gundi ya mpira na utepe wa kawaida wa kuonyesha ndani: vyote viwili hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na doa lake hupenya hadi mbele.

Gundi ikijitokeza pembeni, usiifute ikiwa mbichi. Iache ikauke, kisha ing'oe kwa ncha ya kisu.

Hatua ya 10: Ndani ya kadi

Kama umebonyeza nakshi au kutoboa mbele, upande wa ndani utaonyesha mgongo wake. Kata karatasi ya gramu 80 hadi 100, ndogo kuliko kadi kwa milimita 4 kila upande, ikunje na uibandike ndani kwa ukanda mwembamba wa gundi kwenye mkunjo tu. Andika kabla ya kuibandika, ili ukikosea ubadilishe karatasi hiyo na si kadi nzima. Wino mweusi mzito unakuja na kishindo baada ya utulivu wa nje. Kijivu cha makaa au kahawia iliyoiva inakaa vizuri zaidi. Subiri ukauke kabisa kabla ya kufunga.

Doa likitokea

Jaribu raba nyeupe safi kwanza. Kama doa limeingia, na karatasi ni nzito, kwangua kwa ncha ya wembe kwa mikwaruzo midogo mpaka ukutane na nyuzi safi, kisha lainisha kwa ukucha juu ya karatasi nyingine. Ikishindikana, jani la nane lina mahali pake sasa. Usipake wino wa kufutia makosa. Weupe wake haulingani na wa karatasi yoyote, na ukikauka unang'aa vibaya.

Picha na bahasha

Kamera ikiona nyeupe tupu hudhani mwanga umezidi, hivyo inaifanya kijivu. Zima mwako wa kamera, weka kadi karibu na dirisha mwanga uje kutoka ubavuni, kisha ongeza mwangaza kwenye simu kwa kiasi mpaka karatasi iwe nyeupe lakini vivuli bado vipo. Vikianza kufutika, rudi nyuma kidogo. Mandharinyuma iwe ya kijivu au mbao, si nyeupe nyingine.

Kwa bahasha, laza kadi bapa, pima unene wake pale jani kuu lilipo, na kama unazidi milimita 5 tumia kisanduku chembamba badala ya bahasha. Funika uso kwa karatasi laini isiyo na asidi. Usiiweke chini ya vitabu kuinyoosha baada ya kubandika majani. Kama mwili wa kadi umejipinda, unyooshe chini ya uzito kabla ya hatua ya tano. Stempu ibandikwe na anwani iandikwe kwenye bahasha kabla kadi haijaingia, la sivyo kalamu yako itachora mfuo wa mwisho juu ya jani uliloliinua.